Vyombo vya Baba Mdogo

Neno lililomfunga baba mdogo nchi kavu kwa siku kumi na moja ni neno ambalo kila mmoja wetu katika kitivo hiki analijua tangu darasa la kwanza. Ni "vyombo". Nililiandika mimi mwenyewe, katika karatasi ya ukurasa mmoja na nusu, nikiwa mwaka wa pili wa graduwa na nikijiona nimekwisha kuwa mtafsiri. Tangu hapo wenzangu wameniona nikikataa kazi za kutafsiri, hata zile za kulipwa, na wengine wamedhani ninajivuna. Nimeona heri nieleze.

Kwetu ni Bukavu, upande wa chini, karibu na maji. Mji wetu umekalia ncha za ardhi zinazoingia katika ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na kutoka juu Kadutu mtu anaweza kuona maji kila siku ya maisha yake bila kuyagusa. Sisi tuliyagusa. Mama anauza sambaza. Alfajiri alikuwa akisimama mlangoni, shuka begani, anasikiliza ekipe zinavyorudi, na kwa sauti tu alijua kama kuna kitu. Wakiwa wamepata, wimbo ulikuwa wa haraka na makasia yalipiga pamoja. Wakiwa wamekosa, ungesikia maji tu. Mama hakuwahi kukosea, na mara nyingi alirudi ndani na kuweka beseni chini kabla mitumbwi haijafika.

Niseme kidogo juu ya ekipe, kwa ajili ya wale waliokulia Shabunda au Kamituga ambao samaki kwao ni wa mtoni. Sambaza havuliwi na mtu mmoja. Mitumbwi mitatu mirefu hufungwa pamoja kwa miti ya kalitusi, wavu mkubwa hushushwa chini kati yake, taa huwashwa juu ya maji, kisha watu husubiri. Samaki hufuata mwanga. Wakishakusanyika, kiongozi anatoa ishara na wote wanavuta wavu kwa nguvu moja. Mpangilio huo wote, mitumbwi, wavu, taa na wanaume kumi na kadhaa, ndio ekipe. Neno tulilichukua katika Kifaransa, lakini tumelipa uzito ambao wenyewe Wafaransa hawaujui. Kwetu mtu akisema ekipe ya fulani imepotea usiku, hazungumzi habari za mpira.

Kazi hiyo ni ya giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haimdanganyi samaki, na wavuvi wengi hubaki nyumbani kushona nyavu na kulala. Kwa hiyo mvuvi hahesabu mwezi wa kalenda, anahesabu mwezi wa mbinguni. Ukimnyang'anya siku kumi na moja za giza, umemnyang'anya mwezi wake wote, na hakuna wa kumrudishia.

Na sambaza mwenyewe ni mgeni. Wazee waliozaliwa kabla ya 1959 waliwahi kuishi kando ya ziwa lisilokuwa naye. Mwaka huo Wabelgiji walimleta kutoka ziwa Tanganyika, wakamwaga vifaranga vyake katika Kivu, akakaa, akazaa, akawa chakula cha mji. Kabla yake watu walikula ndugu, tilapia na wengine wachache, kwa kuwa Kivu ni ziwa maskini wa samaki: aina zake hazifiki hata thelathini na tano, wakati Tanganyika ina zaidi ya mia mbili. Sababu iko chini. Ziwa lina kina cha karibu mita 480, lakini hewa ya kupumua samaki iko katika mita sitini hivi za juu tu. Huko chini ni gesi, ile metani inayozungumzwa sana siku hizi. Tena maporomoko ya Ruzizi yaliwazuia samaki wa Tanganyika kupanda wenyewe. Mwaka 2006 akaonekana mgeni mwingine kutoka Tanganyika, yule ambaye wataalamu wanamwita Lamprichthys tanganicanus, na wavuvi wa ng'ambo, upande wa Rwanda, wakampa jina la Rwanda rushya, yaani Rwanda mpya. Nimetamani siku moja kuandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya majina ya samaki tu. Mvuvi anapompa samaki jina hangoji baraza la lugha.

Lakini nilikuwa nasema habari ya karatasi.

Pale ufukoni kwetu, tangu nikiwa mtoto, palikuwa na watu wawili wenye daftari. Mmoja alikuwa wa komini. Huyo alihesabu mabeseni ya akina mama, akakata jetoni, na kusema kwamba ufuko ni soko na soko ni la komini. Wa pili alikuwa wa jimbo. Huyo alihesabu mitumbwi na nyavu, akaomba kibali cha kuvua, na kusema kwamba ziwa ni la Serikali na komini haina neno majini. Hawakugombana. Walipishana tu, mmoja akija asubuhi, mwingine jioni, kila mmoja na kashe yake, na kila mmoja akisema hajui habari za mwenzake. Wakati fulani waliongezeka wengine, na baba mdogo alikuwa na mfuko wa plastiki chini ya godoro wenye karatasi za rangi nne. Mzee mmoja wa ekipe yake alikuwa akisema: "Maji ya jimbo, muchanga ya komini, samaki ya Mungu. Sasa mi niko wa nani?"

Nilipofika chuoni nilijaribu kutafuta jibu la mzee huyo. Sheria ya uvuvi ambayo ofisi zetu bado zinaitaja ni dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937, juu ya uwindaji na uvuvi. Mwaka 1937 mji wetu ulikuwa bado unaitwa Costermansville, na sambaza alikuwa bado miaka 22 hajaingia ziwani. Katiba ya 2006 inaweka utungaji wa sheria za uvuvi mikononi mwa Serikali kuu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipa komini hadhi yake, mali zake na baraza lake. Kwa hiyo wote wawili, mwenye daftari wa asubuhi na mwenye daftari wa jioni, walikuwa na kitu cha kushika. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakalisha pamoja. Ufuko wa mji si kama ufuko wa kijijini, ambako chifu anaweza kumaliza maneno chini ya mti. Hapa mvuvi anaishi kwa komini, anafanya kazi kwa jimbo, anauza kwa komini tena, na takataka za mji wote zinamshukia kupitia mto Kawa hadi ndani ya wavu wake.

Na samaki walikuwa wakipungua. Au tuseme wavuvi walisema hivyo, na mama alisema hivyo, na beseni lilisema hivyo. Vijana wasio na ekipe walikuwa wakikokota mustikeri kando kando ya maji mchana kweupe, vile vyandarua vilivyogawiwa ili watoto wasiugue malaria, na walichotoa kilikuwa kidogo kama nywele: watoto wa sambaza, ambao hukaa karibu na ufuko kabla ya kukua. Mwenye daftari wa komini aliona, akasema hilo ni la jimbo. Wa jimbo akasema vijana hao wako nchi kavu, na nchi kavu ni ya komini. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli.

Ndiyo maana ule mkutano tuliuona kama ajabu. Sitataja majina wala ofisi. Inatosha kusema kwamba siku moja ya kiangazi watu wa komini na watu wa jimbo walikuja ufukoni pamoja, wakaketi kwenye benchi moja lililoazimwa kanisani, wakasoma maandishi waliyokuwa wameyatayarisha. Mambo yaliyokuwamo yalikuwa mazuri, na leo bado nasema yalikuwa mazuri. Komini na jimbo wangekusanya kodi mara moja tu kwa mwezi, kwa karatasi moja yenye kashe mbili, na kugawana wenyewe huko ofisini. Komini ingeondoa takataka ufukoni kila Jumamosi. Jimbo lingeonyesha ghuba ndogo ambamo hakuna mtu angevua, ili samaki wapate mahali pa kuzalia, na komini ingeweka walinzi nchi kavu. Mustikeri na nyavu za kukokota zingekamatwa na yeyote kati yao atakayekuwa karibu, bila kusema hili ni lako, hili ni langu. Kungekuwa na majuma ya kupumzisha ziwa, kwa tarehe zinazojulikana mapema.

Yote hayo yalikuwa kwa Kifaransa. Watu walipiga makofi pale ambapo wakubwa walipiga makofi. Kisha mmoja wao, nadhani alikuwa mtu mwema kweli, akauliza kama hakuna mwanafunzi anayeweza kuyaweka katika Kiswahili ili yabandikwe. Mama akanisukuma mgongoni. Nikainua mkono. Nikapewa nakala, na jioni hiyo nikanunuliwa sukre moja baridi.

Nilifanya kazi siku mbili. Niliazima kamusi, nikafunga mlango, nikawafukuza wadogo zangu. Niliona fahari, sikatai. Katika kozi ya siasa ya lugha tulikuwa tumejifunza kifungu cha 142 cha Katiba, kile kinachoidai Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku sitini tangu sheria itangazwe. Dekreti ya 1937 sijawahi kuiona kwa Kiswahili, na mimi, mwana wa muuza sambaza, nilikuwa naziba pengo hilo kwa mikono yangu. Niliandika Kiswahili safi. Nilipokuta *repos biologique* niliandika "mapumziko ya kibiolojia". Nilipokuta *frayère* niliandika "mazalio". Nilipokuta *tout engin de pêche prohibé sera saisi*, kamusi ilinipa chombo, mtambo, zana, kwa mpangilio huo. Nikachukua la kwanza. "Vyombo vyote vya uvuvi vilivyokatazwa vitakamatwa." Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti mara mbili, nikaipenda.

Karatasi ilipigwa kashe ya komini, kwa kuwa ofisi ya komini ilikuwa karibu, ikabandikwa kwenye ukuta wa banda la samaki. Ofisi ya jimbo ilikuwa mbali na mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyeona ubaya wa kashe moja.

Yeyote aliyekaa kando ya maji amekwisha kuona nilipoanguka. Chombo, kwa mtu wa maji, ni kile anachopanda. Pwani wanasema chombo kimetia nanga. Redioni wanasema vyombo vya majini. Baba mdogo anasema chombo na anamaanisha mtumbwi. Wavu si chombo. Wavu ni wavu. Kwa hiyo watu waliposoma ukutani walielewa kwamba kuna mitumbwi iliyokatazwa, ila karatasi haikusema ni ipi. Wengine wakatulia nyumbani kungoja kuelezwa. Baba mdogo hakutulia, alikuwa na karatasi zake za rangi nne na aliona hazina kosa. Juma la pili, mtu mwenye kofia na madaraka, ambaye ofisi yake siitaji na ambaye hakuwa amekuja mkutanoni, alikuja na nakala ya Kiswahili mkononi, akaonyesha mstari wangu kwa kidole, na kusema mitumbwi mitatu ya baba mdogo ni vyombo ambavyo havimo katika orodha. Orodha gani? Hakukuwa na orodha. Mitumbwi ikafungwa kwa mnyororo.

Baba mdogo akaenda komini. Wakamwambia kukamata ni kazi ya jimbo. Akaenda jimboni. Wakamwambia karatasi anayoisema wao hawaijui, haina kashe yao, awaletee ile ya Kifaransa. Akarudi komini kuomba ile ya Kifaransa. Aliyeiweka alikuwa safarini. Haya yote ni mwendo wa miguu, kupanda na kushuka, na wanaoujua mji wetu wanajua maana ya kupanda. Siku kumi na moja. Mwezi ulikuwa umekufa, giza lilikuwa zuri, na mama aliniambia kwamba ekipe nyingine zilirudi zikiimba.

Mimi nilikuwa kwenye mitihani na sikuambiwa. Nadhani walinificha makusudi. Nilijua siku ya kumi, nilipomkuta baba mdogo ameketi uani kwetu, saa ambayo alipaswa kuwa amelala. Alikuwa amekwisha kuuza taa moja. Karatasi yangu, nakala yake, ilikuwa imekunjwa mara nne.

"Hii njo yako?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Uliandika vyombo. Kwetu chombo ni mutumbwi. Weye ulitaka kusema nini?"

"Nyavu, baba. Mitego. Vifaa."

Akanitazama kwa muda. "Sasa juu ya nini hukusema nyavu?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningepata la kujitetea. Nilianza kueleza habari ya *engin*, kwamba katika Kifaransa neno lina mapana, na nilipofika katikati ya sentensi nikaona anaangalia miguu yake, kwa adabu, kama mtu anayengoja mgeni amalize.

Kesho yake nilibeba maandishi yote mawili, la Kifaransa nililokuwa nimebaki nalo na la Kiswahili, nikaenda kwanza kwa mwalimu wetu wa tafsiri. Alisoma akiwa amesimama. Nilitegemea aniambie habari za maana na muktadha. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulimsomea nani kabla ya kuitoa?" Nikasema sikumsomea mtu. Akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya "vyombo", akaandika pembeni barua fupi kwamba neno hilo limetafsiriwa vibaya na kwamba la asili linamaanisha nyavu na mitego, akaweka sahihi. Barua hiyo ndiyo iliyofungua mnyororo, wala si haki ya baba mdogo iliyoandikwa kwenye karatasi zake nne. Mtu wa komini na mtu wa jimbo walikutana mlangoni kwa yule mwenye kofia, wote wawili wakionekana kuaibika kidogo, na kwa mara ya pili nikawaona wamesimama upande mmoja.

Kisha wakaniambia nitafsiri upya. Nilikataa. Baba mdogo ndiye aliyesema nitafsiri, lakini pale pale ufukoni.

Tuliketi alasiri tatu chini ya kalitusi. Mimi nilisoma Kifaransa, nikaeleza kwa maneno ya kawaida, wao wakasema wangesemaje. Sijawahi kupata kozi kama ile. *Maille* nilikuwa nimeandika "matundu". Wakasema wavu una macho, na wavu mbaya ni ule wenye macho madogo. "Mapumziko ya kibiolojia" yaliwachekesha mpaka mzee mmoja akauliza kama ziwa nalo lina likizo ya kulipwa. Wao wanasema kufunga ziwa. Nikaandika "kufunga ziwa". Akina mama waliokuwa wanaanika samaki pembeni wakapaza sauti: ziwa likifungwa, tutachota maji wapi? Tutafua wapi? Baada ya majadiliano marefu ikawa "kufunga uvuvi". *Sensibilisation* tuliitupa. Hakuna aliyeikumbuka tena.

Pagumu palikuwa kwingine, na sikupategemea. Maandishi ya Kifaransa yalisema kwamba pande mbili zinaahidi. Nikasoma: "Pande zote mbili." Baba mdogo akauliza ni zipi. Nikasema komini na jimbo. "Na siye?" Nikatafuta wavuvi walipotajwa, nikawakuta katika mstari wa chini, wanaitwa *bénéficiaires*. Wanufaika. Kukawa kimya, kisha yule mzee wa maji-ya-jimbo akasema: "Kama siye ni wanufaika, batupatie basi, tuende." Watu wakacheka, lakini hawakucheka sana. Ghuba ya mazalio ilikuwa yao kuilinda usiku, kwa kuwa hakuna ajenti wa komini wala wa jimbo anayelala majini. Tarehe za kufunga uvuvi zilikuwa njaa yao, maana wiki hizo hakuna mtu angewapa unga. Na bado hawakuwa upande.

Mimi ni mtafsiri, nikawaambia, siwezi kuongeza upande ambao haumo. Nilisema hivyo na ninaamini hivyo hadi leo. Mwalimu wangu pia aliniunga mkono, ingawa najua katika kitivo hiki wako watakaobisha. Lakini nililoweza kufanya nililifanya: niliandika barua tofauti, ya maneno yao, kwa Kiswahili chao, kuomba komini na jimbo waandike upya sentensi ile kwa Kifaransa, na kwamba wasipoiandika, wavuvi hawataisikiliza ile ya Kiswahili. Komini ilikubali upesi, kwa kuwa burgumesta anaonana na watu hao kila siku. Jimbo lilichukua majuma matano. Mwishowe sentensi ikaja na pande tatu, na karatasi mpya ikawa na kashe mbili na sahihi tatu, ya tatu ikiwa ya kiongozi wa komite ya wavuvi. Akina mama wauza samaki hawakupata sahihi. Mama anasema ndivyo ilivyo tangu zamani, kisha anakaa kimya kwa namna yake.

Je, ilifanya kazi? Wenzangu wananiuliza hivyo kwa sababu wanataka niseme ndiyo au hapana. Risiti moja ya kashe mbili ilidumu, na mfuko chini ya godoro la baba mdogo sasa una karatasi za rangi mbili tu badala ya nne. Ghuba ilichungwa vizuri, na msimu uliofuata nilisikia wavuvi wenyewe wakiwafukuza vijana wa mustikeri kwa mawe, jambo ambalo hakuna ofisi iliyowatuma kulifanya. Gari la takataka la Jumamosi lilikuja mara sita. Baada ya hapo halikuwa na mafuta, kisha halikuwa na gurudumu. Mvua ikinyesha juu, Kawa inashusha chupa na mifuko ileile, hata baada ya dekreti ya mwisho wa 2017 iliyokataza mifuko ya plastiki nchini, na kinachopita hapo kinakwenda kukwama Ruzizi kwenye mitambo ya umeme, ndipo mji mzima unaingia gizani na kukumbuka kwamba ziwa lipo. Sambaza wenyewe, siwezi kusema wameongezeka. Mama anasema beseni linajaa siku nyingi zaidi. Mama ni mtu mwenye imani.

Na binamu yangu, mtoto wa pili wa baba mdogo, alikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Pesa za mwezi ule wa giza ndizo zilizokuwa zilipe ada ya mtihani wake. Taa iliyouzwa haikutosha. Alirudishwa nyumbani, akarudia mwaka. Hatujawahi kuzungumza habari hiyo. Mwaka huu anapomaliza, wenzake wa zamani wako hapa chuoni, mmoja ameketi nyuma yangu katika kozi ya fonolojia.

Juma lililopita nilishuka ufukoni kumsaidia mama. Karatasi yetu bado iko ukutani, imepauka, pembe moja imechanika. Nilipokaribia niliona kwamba mtu amekata neno "mazalio" kwa mkaa, hilo ambalo nilikuwa nimeng'ang'ania libaki kwa kuwa ni Kiswahili fasaha. Juu yake ameandika, kwa herufi kubwa zisizonyooka: KWA BATOTO BA SAMBAZA. Nilitafuta kalamu mfukoni ili nilinganishe na nakala yangu ya daftarini. Mama akaniita, ekipe zilikuwa zinakaribia, na sikio lake lilikuwa limekwisha kumwambia achukue beseni kubwa.